Mume Aliyefichwa Jumamosi

Mkurugenzi Kagiri alitaka mume wa Mildred asionekane Jumamosi. Hakutaka afe wala afungwe. Alitaka tu aende mahali asubuhi ile, na atakaporudi akute ameshakuwa mlevi, mpiga wanawake, na mtoro aliyeitupa familia yake. Alilisema hilo siku ya Jumatano, mbele ya darasa zima, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha mwisho katika ploti yake huko Kabiro, Kawangware. Hapo walikuja mama fua, walinzi wa mageti na wauza mitumba, watu wazima wenye mikono migumu, kufunzwa Kiingereza bure. Dakika chache kabla Kagiri hajaingia walikuwa wakiimba vitenzi kama wanakwaya, huku mwalimu Wacera akigonga ubao kwa rula.

"Every day?"

"Every day I wash clothes!"

"Yesterday?"

"Yesterday I washed clothes!"

"Tomorrow?"

"Tomorrow I will wash clothes!"

"Aki ticha," Kavoi, mlinzi wa geti moja la Lavington, alilalamika, "hii Kiingereza yako haina off? Jana tumefua, leo tumefua, kesho tunafua. Hata Mungu alipumzika."

Darasa likacheka, na Wacera naye akacheka. Ndipo mlango ukafunguka na Kagiri akasimama pale, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Nani hapa anaishi Kibera?"

Mkono mmoja tu uliinuka, wa Mildred. Wengine wote walikuwa wa Kawangware hapo hapo, na yeye peke yake ndiye aliyetembea kutoka Kibera kila mara, kwa sababu nguo alizofua zilikuwa za upande huu.

"Kibera gani?"

"Raila Village."

"Safi kabisa." Kagiri akaja akakaa juu ya dawati lake. "Jumamosi nina wageni kutoka ng'ambo, wale wanatusaidia na hii shule. Wanataka kuona mwanafunzi kwake nyumbani. Sasa, ukiwaambia Kawangware, wanauliza hiyo ni nini. Kibera wanaijua hata kabla wapande ndege. Bwana uko naye?"

"Niko naye."

"Anakunywa?"

"Hapana. Yeye alianguka mjengo, mguu bado..."

"Anakupiga?"

"Kwa nini anipige?"

Kagiri akashusha pumzi kama mnunuzi aliyeonyeshwa nyanya zilizooza. "Sikiza, Mama Mitchelle. Wewe ni mtu wa kanisa. Mtu akisimama kutoa ushuhuda, si huanza na shimo alilotolewa? Alikuwa mlevi, alikuwa mwizi, Bwana akamwinua. Ukianza na 'mimi nilikuwa tu sawa', nani atasema amina?"

Ilikuwa kweli. Wote walikuwa wamewahi kusema amina kwa mashimo.

"Na nimesikia uko na msichana anaingia Gredi ya Kumi," Kagiri aliendelea, sasa kwa upole. "Wageni wana nafasi ya mtoto mmoja. Bweni, vitabu, sare, hadi amalize. Mimi ndiye napendekeza jina." Akamgeukia Wacera. "Ticha, mwandikie sentensi. Past tense. Zile fupi, asisahau."

Wacera alishika chaki muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kazi hii alikuwa ameipata baada ya kuzunguka na vyeti vyake mji mzima. Akaandika: He drank. He beat me. He left me. Alikunywa, alinipiga, aliniacha.

"Darasa, someni," Kagiri alisema. "Mbona mmenyamaza? Si ni zoezi tu?"

Wakasoma. Safari hii hawakuimba.

*

Mildred alipofika Raila, mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa na moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyufa za mabati. Akajua kwamba mumewe anapika.

Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Oloo alianguka kutoka ghorofa ya pili ya mjengo kule Kilimani, mguu ukavunjika mara mbili, na tangu hapo mkewe ndiye aliyetoka alfajiri na kurudi jioni. Mwanzoni Oloo alimsubiri na njaa yake, kama mwanamume. Kisha akaanza kuosha omena, dagaa wa ziwani. Kisha akajua ugali. Lakini alipika mlango ukiwa umefungwa, akikohoa ndani ya moshi, kwa kuwa hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na kibanda cha Osewe, fundi viatu, ambako wanaume wa Raila walikaa kuhukumu dunia. Mjaluo ashike mwiko wakati bibi yuko mzima? Wangemwimba mpaka mtaa wa Kisumu Ndogo. Kwa hiyo chakula kikiiva aliketi nje na gongo lake la kutembelea kama anayengoja kupakuliwa, na Mildred, ambaye hakuwa amegusa hata kuni, alitoka na sahani na kumkaribisha kwa heshima.

"Nyar Gem," Oloo alisema alipomwona usoni. Alipenda kumwita hivyo, binti wa Gem, kwao alikozaliwa. "Umekutana na simba?"

Mildred akamweleza yote. Oloo alisikiliza huku akigeuza ugali. Mwishoni akacheka.

"Kwa hivyo Jumamosi mimi ni mlevi. Wa chang'aa ama wa bia?"

"Hakusema."

"Niweke kwa bia. Kama ni kuharibika, niharibike na heshima. Na nakupiga na nini? Hili gongo?"

"Baba Mitchelle, mimi nitamwambia siwezi."

Oloo akaacha kucheka. Akaangalia pembeni, ambako Mitchelle alikuwa ameinamia kitabu na kujifanya hasikii. Shuleni alikuwa ameshika namba ya juu, na bado hawakujua mwakani angekaa wapi na kusoma kwa pesa gani.

"Hadi amalize?"

"Hadi amalize."

"Basi sema," Oloo alisema. "Jina langu limelala hapa na huu mguu tangu mwaka jana. Wacha nalo lifanye kazi."

*

Mazoezi yakaanza jioni hiyo hiyo. Mitchelle alikuwa mwalimu, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha shule, si cha kuokota.

"Sema beat, mama. Vuta kidogo tu. Usivute kama unaita mbuzi."

"He beat me."

"Lini?"

"Lini nini?"

"Alikupiga lini?"

Mildred akatazama chini. Msichana akafunga daftari, akaliweka mezani taratibu. "Mimi hiyo siwezi kufundisha," alisema, akatoka akakaa nje juu ya mtungi wa plastiki.

Oloo akavuta stuli. Hakujua Kiingereza zaidi ya kile alichosikia mkewe akikariri nyumbani, lakini sikio alikuwa nalo. "Haya, rudia."

"He drank. He beat me. He left me."

"Sauti iko chini. Hao wageni watasikia nini? Rudia!"

"He drank! He beat me! He left me!"

"Tena!"

Sasa, nyumba za Raila zimegawanywa kwa mabati, na mabati hayana adabu. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Upande wa pili alikuwa Nasambu, Mama Ouma, aliyesoma hadi kidato cha pili na hakuwahi kulisahau hilo. Alisikia kila neno na akalisikia sawasawa. Alisikia mwanamke akilia kwa Kiingereza kwamba anapigwa, na mwanamume akimwamrisha arudie. Nasambu akajishika kifua. Katika maisha yake alikuwa amesikia wanaume wakatili wengi, lakini wa kumlazimisha bibi akariri kipigo kwa lugha ya kigeni, huyu alikuwa wa kwanza.

Asubuhi, Mildred akiwa ameenda kufua, akina mama wa kanisa walifika watatu, vitambaa kichwani.

"Baba Mitchelle," Nasambu alianza akiwa bado mlangoni, "mguu umevunjika, lakini naona mkono umepona."

"Mnasema nini?"

"Tumekuja kuomba. Hatujakuja kuuliza."

Wakaomba. Waliomba kwa nguvu, wakakemea pepo la ngumi na pepo la pombe, na Oloo akasimama katikati yao ameegemea gongo kama mshtakiwa. Angewaambia nini? Kagiri alikuwa ameonya kwamba majirani wasijue chochote, maana wageni huwauliza. Akafumba macho. Akasema amina.

Alipotoka nje, kibanda cha Osewe kilikuwa kimejaa.

"Omera, ndugu yangu," Osewe alimwita, sindano ya kushonea viatu mkononi, "ati mguu mmoja na bado unarusha ngumi? Ukipona si utamaliza ploti?"

"Mwache," mwingine akadakia. "Hata kazi hana. Ngumi ndiyo job."

Walicheka. Oloo alirudi ndani akafunga mlango. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakupika.

Jioni Nasambu alimvizia Mildred njiani na kumtia mkononi kichupa cha mafuta ya kukandia. "Paka mahali anapiga," alinong'ona. "Na usiogope, dadangu. Sisi wote tunajua."

Mildred alisimama pale na kichupa. Uongo aliokubali ulikuwa wa wageni. Wangekuja kwa gari na kuondoka nao kwa ndege. Hakuna aliyemwambia kwamba ungebaki Raila, upange chumba, uanze kusalimiwa na watu.

*

Jumamosi Kagiri alifika mapema na Wacera ili kuitengeneza nyumba. Alisimama katikati ya chumba, akazungusha macho, na hakupendezwa. Nyumba ilikuwa nadhifu mno.

"Vitambaa vya viti, toa. Redio, toa. Hiyo picha ya harusi nani aliiacha hapo?" Akaitungua mwenyewe. Ukutani kulikuwa na msumari, na juu ya msumari kofia ngumu ya njano ya mjengo, ambayo Oloo aliipangusa vumbi kila Jumapili. Kagiri akaitungua nayo, akaisukuma chini ya kitanda kwa kiatu. "Msichana, badilisha hiyo nguo. Huna kuukuu? Kama ya kulalia?"

"Iko na mashimo," Mitchelle alisema.

"Ndiyo hiyo."

Mitchelle akamtazama mama yake. Mildred akatikisa kichwa: usibadilishe.

"Na bwana ameenda?" Kagiri aliuliza.

"Ameenda Kabiro kwa binamu yake."

Hakuwa amefika Kabiro. Oloo alikuwa amekomea kwenye kibanda cha Osewe, mguu ukikataa, na wanaume walikuwa wamemsogezea benchi bila kumsalimu.

"Vizuri. Na nimepita nikiuliza majirani," Kagiri alisema akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe hata wao wanasema anakupiga! Yule mama wa hapo nje amenieleza hadi machozi yakamtoka. Umeona? Nilikwambia si uongo. Ulikuwa unaficha tu."

Mildred akamgeuzia mgongo. Wacera, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, alimwona akiutazama ule msumari mtupu ukutani.

Wageni walikuwa wawili, mama mzee mwenye kofia pana na kijana mwenye kamera. Nyuma yao walikuja watoto, nyuma ya watoto akina mama, na nyuma ya akina mama, wakijifanya wanapita tu, wanaume wa kibandani. Mlango ukajaa vichwa.

"This is Mildred," Kagiri alisema na kunyoosha mkono kama anayeuza kabati. "Mildred, waambie. Pole pole. Kama vile ulifunzwa."

Mildred akasimama, viganja vyake vilivyokwajuka kwa sabuni amevishikanisha mbele. Kamera ikawasha taa yake nyekundu.

"My name is Mildred. I wash clothes. My husband..."

Kagiri akamtolea neno la kwanza kwa midomo bila sauti. He drank.

"My husband is Oloo," Mildred alisema. "He did not drink."

Kagiri akacheka kidogo. "She is shy. She is a bit shy."

"I am not shy." Aliitamka kila sehemu, wazi, kama alivyofunzwa. "My husband fell. Kilimani. House, high, he fell. He did not beat me. He did not leave me. Yesterday he is here. Today he is here."

Jana na leo zilikuwa zimemchanganyikia, na hakujali. Aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akaitoa kofia ya njano, akaipangusa kwa leso, na kuirudisha kwenye msumari wake.

"Ati hakupigi?" Sauti ya Nasambu ilitoka mlangoni kwa Kiswahili, juu ya vichwa vyote. "Mama Mitchelle, mimi nilisikia na haya masikio! He beat me, he beat me, jioni nzima!"

"Ilikuwa homework, Mama Ouma!" Mildred akamgeukia. "Ni huyu alinipatia! Alisema nikimtukana bwana yangu mbele ya wageni, Mitchelle atapata shule. Na Baba Mitchelle akakubali mumtukane! Mkamwombea pepo, akasema amina. Nani kati yenu ana bwana kama huyo?"

Nje pakasikika gongo. Watu walipisha bila kuambiwa. Oloo akaingia nyumbani kwake akihema, akasimama chini ya kofia yake.

"Huyu ndiye," Mildred alisema. "This is he."

Mama wa kofia pana akamtazama Kagiri kwa muda, kisha akamtazama Oloo. Akamuuliza, taratibu, kama anayejua kwamba lugha ni yake na nyumba si yake, "And you, sir? What do you do?"

Swali hilo Oloo alilielewa. Darasani liliulizwa kila siku, na kila jioni mkewe alilileta nyumbani. Mlangoni alikuwepo Osewe na sindano yake, na wale wote waliohukumu dunia. Angeweza kusema mjengo. Wangemwamini, na kofia ilikuwa pale kumtolea ushahidi. Angeweza hata kunyamaza. Mildred alitamani anyamaze.

"I cook," Oloo alisema.

Mtoto mmoja akacheka. Oloo akavuta pumzi.

"Every day, I cook. Yesterday I cooked." Akamtazama mkewe ili ajue kama yuko sawa. "Tomorrow, I will cook."

"Omera!" Osewe alishindwa kujizuia. "Umesema unafanya nini?"

"Napika, Osewe. Napika mlango umefungwa kwa sababu yenu. Moshi umenimaliza macho." Akauelekeza mlango kwa gongo. "Leo nimechoka na moshi. Anayetaka kucheka acheke sasa, saa hii, nikimwona."

Hakucheka mtu. Osewe alichunguza sindano yake kama aliyegundua ina kutu.

Wageni waliondoka mapema. Yule mama mzee alimshika Mildred mkono, akasema maneno mengi na ya haraka ambayo hata Mitchelle hakuyapata yote, na kijana akazima kamera. Kagiri alibaki nyuma hatua moja tu.

"Ile nafasi umeitupa choo," alimwambia Mildred kwa sauti ya chini. "Na Kabiro nisikuone."

Mitchelle alikuwa amesimama karibu. Alisubiri gari liondoke. "Kuna ile shule ya kutwa ya huku," alisema. "Miguu ninayo."

Hakuna aliyemwambia ni sawa, kwa sababu haikuwa sawa. Usiku huo msichana alilala ameugeukia ukuta, na wazazi wake walijua kwamba halali.

*

Jumatano Mildred alimaliza kufua, akaanika, na akaenda Kabiro.

Kiti chake kilikuwa kimeondolewa. Si kwamba kilikaliwa na mwingine. Mahali pake palikuwa sakafu tupu kati ya Kavoi na muuza mitumba, na kiti chenyewe kilionekana dirishani, kimewekwa uani, Kagiri amekikalia akisoma gazeti.

Wacera alimwona, akauma mdomo. Mildred alitembea hadi pale kwenye sakafu tupu, akaweka mfuko wake chini, na akasimama. Kavoi alitaka kuinuka ampe chake.

"Kaa, Kavoi. Wewe husimama getini siku nzima. Mimi leo ni zamu yangu."

Uani gazeti lilishuka. Kagiri alimwangalia kupitia dirishani, akimngoja achoke. Mildred naye akamwangalia. Wacera aliwatazama wote wawili, akageuka ubaoni, na zile sentensi tatu fupi, ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa tangu wiki iliyopita, akazifuta kwa kiganja cha mkono, mpaka chaki ikampanda kiwiko.

"Mildred," alisema bila kugeuka. "Tomorrow?"

"Tomorrow I will come," Mildred alisema.

Alisimama somo zima.

*

Jioni hiyo mlango wa nyumba yao kule Raila ulikuwa wazi mpaka mwisho, umezuiwa kwa jiwe usijifunge. Moshi ulitoka kama moshi wa watu wengine. Oloo alikuwa ameketi kizingitini kwenyewe, mguu mbovu umenyooshwa mbele, sufuria ya omena juu ya jiko, na wanaume wa kibandani walimwona vizuri, kwa sababu hakuwa na nia ya kujificha. Mmoja alianza kupiga mluzi. Osewe akampiga begani.

Mitchelle alikuwa na daftari. Alikuwa amelichukua mwenyewe, bila kuombwa. "Haya. Every day?"

"Every day he cooks!" Mildred alijibu, miguu yake imelowekwa ndani ya karai.

"Sauti iko chini," Oloo alisema. "Rudia."

"Every day he cooks!"

"Yesterday?"

"Yesterday he cooked!"

"Tena! Wasikie hadi Kisumu Ndogo!"

Upande wa pili mabati yakagongwa mara mbili.

"Mama Mitchelle!" Nasambu aliita. "Hiyo ya jana nimesikia. Na leo je? Leo amepika nini?"

Oloo akafunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akakohoa, akacheka.

"Leta sahani, jirani," alisema. "Na upitie mlangoni. Uko wazi."